Chupa ya Maji ya Pwani

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuandika "pwani" mahali ambapo mtu mwingine yeyote wa Musoma angeandika "ziwani". Nililiandika katika barua iliyokwenda Mugeta, kwa kaka wa msichana niliyetaka kumuoa. Baba yao alikuwa amesema hatapokea posa mpaka kijana wake mkubwa aje anitazame mimi ni mtu wa namna gani. Nikamkaribisha. Barua ile niliirudia mara sita. Shule niliishia darasa la saba. Kiswahili kilichobaki nilijifundisha kwa kamusi isiyo na jalada niliyoipata sokoni, na "ziwani" niliona ni neno la wavuvi, halina heshima. Nikaandika: "Nitakutembeza pwani yote, na tutakula huko huko."

Nilikuwa fundi cherehani. Ilikuwa miaka ile sabuni na sukari zilipoanza kuonekana tena madukani bila foleni, na marobota ya mitumba yakafika mpaka kwetu. Nilipunguza suruali za watu wanene wa nchi nisizozijua. Mshono ukipinda kidogo, nilifumua wote.

Mgeni alishuka asubuhi kwenye lori la pamba kutoka Bunda. Alivaa koti, alibeba begi kubwa, na kwapani alikuwa na chupa tupu iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Mtu wa siku moja, begi la nini? Niliogopa kuuliza.

"Karibu, shemeji."

"Usiniite shemeji bado," akasema. "Safari inaanza saa ngapi?"

"Tumeshaanza."

Akaangalia huku na huku, kisha akaangalia miguu yake.

Nilimpitisha mtaa wa Mkendo, nikamwonyesha redio na maboksi ya sabuni madukani. Nikampeleka kwenye mawe makubwa yaliyo juu ya maji. Kila mahali alisema, "Pazuri. Halafu tunaondoka?" Nami kila mahali niliomba radhi: kwa vumbi, kwa upepo, kwa harufu ya dagaa. Nilidhani amenichoka. Nilianza kuhesabu kichwani ni lipi nililokosea, nikapata mengi, lakini hakuna lililokuwa lenyewe.

Pale Mwigobero, mitumbwi ilipokuwa inashusha muhogo, aliinama akachota maji kwa kiganja. Akaonja, akatema, akaonja tena.

"Maji hii haina chumvi."

Ulimi uliniwasha nimsahihishe, maji haya hayana. Nikajizuia. Nikadhani labda ana njaa.

"Chumvi tutaikuta hotelini," nikamjibu.

Akajifuta kiganja kwenye koti.

Hotelini mama muuzaji alituletea ugali wa muhogo na sato wa mchuzi. Mgeni akamgeuza samaki kwa kidole.

"Mama, huyu ndiye samaki wa pwani?"

"Pwani gani, baba? Huyu wa ziwa. Wa pwani ukamtafute Tanga." Akageukia jikoni. "Jamani, mla ng'ombe huyu amepotea njia."

Jikoni wakacheka. Mgeni hakucheka. Akatoa barua yangu mfukoni, akaweka kidole juu ya neno.

"Hapa umeandika nini?"

Ndipo nikaelewa begi, nikaelewa chupa.

"Nilitafuta neno zuri," nikasema.

"Nimeaga kijiji kizima. Mama yangu alikuwaga anasikia maji ya bahari ni chumvi, akanipa chupa nimletee aonje. Ziwani kuna ubaya gani?"

Akasogeza kidole hadi mstari wa chini.

"Na haya mengine, ya dada yangu? Eti 'moyo wangu u taabani'. Nayo ni ya kitabu?"

"Ni ya kitabu."

"Basi sema bila kitabu."

Nilinawa mikono ingawa ilikuwa safi. Nikamwambia nataka kumuoa dada yake, kwamba nikimwona nasahau nilichokuwa nasema, na kwamba tangu asubuhi naogopa. Sikupanga hata neno moja. Hata ngeli sijui kama zilikaa sawa.

"Hayo nitamwambia baba," akasema, akavunja tonge. "Mama nitamwambia ulimdanganya. Huyo utamalizana naye mwenyewe."

Tulirudi majini akajaza chupa, akaiziba kwa gunzi lake. "Aonje hii," akasema.

Mama yake sasa ni mama mkwe wangu. Maji yale alinywa, na kila nikifika Mugeta ananiuliza pwani nitampeleka lini. Mimi mwenyewe sijafika. Kamusi ninayo bado, na mshono uliopinda bado naufumua. Lakini barua siku hizi naandika mara moja tu, mke wangu anaisoma, na neno asilolielewa nalifuta.