Kinundu cha Limau

Wayahudi wote wa kijiji kile cha Alsasi, mashariki mwa Ufaransa, walikuwa na limau moja tu la Sikukuu ya Vibanda, ile wiki ya kula nje katika vibanda vya matawi. Lilitoka nchi za joto huko mbali, likafika kwa mkokoteni, limelazwa ndani ya sanduku la mbao na kufunikwa kitani laini kama kichanga. Koppel, mchuuzi wa ng'ombe na mkuu wa sinagogi, alilipokea kwa mikono miwili. Wanawe mwenyewe hakuwahi kuwapokea hivyo.

Limau hilo lina kinundu nchani. Kikivunjika kabla ya wakati, basi, kijiji kizima hakina tena cha kuombea baraka. Kwa hiyo kila asubuhi, wanaume wakishamaliza sala, sanduku lilipitishwa kibanda hadi kibanda ili wanawake nao waseme baraka zao, na kila aliyelishika alibana pumzi. Lakini siku ya saba baraka zikiisha, kinundu hakina kazi tena. Hapo mwanamke mjamzito huking'ata akakikata kwa meno, akaomba ajifungue salama.

Fromet alikitaka kinundu hicho kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alipomzaa Rosine, mtoto wake wa kwanza, mkunga alikwama kwenye matope ng'ambo ya mto, na yeye akateseka peke yake usiku na mchana. Lazar, mumewe, alikuwa nje akiomba kwa sauti kubwa ili asimsikie. Sasa Fromet alikuwa na mimba nyingine, na hofu ilimpata hata akikanda unga. Ila hakuwa amemwambia mtu zaidi ya Lazar. Mimba changa haitangazwi, watu wana macho.

Mindel hakuogopa macho ya mtu. Alikuwa dada wa Lazar na mke wa Koppel, na mimba yake aliitangaza kabla hata limau halijafika.

"Wifi, siku ya saba uje kwangu ushuhudie nikiking'ata," alimwambia Fromet, wamekaa kibandani kwake huku mvua ikipenya kwenye matawi na kudondokea supu. "Uje na keki yako ya plamu. Kile kidude ni kichungu, lazima nikisindikize na kitu."

"Lakini wewe wifi si huzaa kama unapiga chafya?"

"Kwa nini, unadhani? Kwa sababu huking'ata."

Fromet akakoroga supu ambayo sasa ilikuwa nyingi kuliko alivyoipika. "Na kama yuko mwingine mwenye haja?"

"Mwingine nani, Bibi Hindel na uzee wake? Labda kuku wako."

Fromet akacheka kwa sababu ilibidi acheke. Wiki iliyotangulia, jioni ya kuamkia Siku ya Upatanisho, Mindel alikuja kumwomba msamaha kwa lolote alilomkosea mwaka mzima, naye akaomba vivyo hivyo, wakabusiana, wakaachana safi kama sahani. Hakuwa na kinyongo cha zamani hata kimoja cha kumpa kisingizio.

Siku ya saba ikafika, siku ambayo husemwa kwamba hukumu ya mwaka inapigwa muhuri. Nyumba ya Fromet ilikuwa ya mwisho njiani, kwa hiyo sanduku lilimfikia mwisho. Alisema baraka yake polepole. Akatazama kushoto na kulia. Wote wameshaomba, akajiambia, simharibii mtu sala. Akaking'ata kinundu, kikakatika.

Odile, jirani yake Mkatoliki, alikuwa ametokeza kichwa juu ya ua.

"Tamu?" akauliza.

Fromet akatikisa kichwa, machozi ya uchungu yakimlenga. Akalifunika limau kwa kitani, akampa Lazar sanduku alipeleke kwa Mindel. Yeye akabaki nyumbani, eti keki imeungua.

Haukupita muda, Mindel akaingia kibandani, sanduku kwapani, amevaa gauni la sikukuu.

"Panya wa kwako wana meno mazuri," akasema.

Fromet akafuta mikono kwenye aprani.

"Nimewakalisha wanawake wote kwangu. Nimefumba macho, nimesema dua, nimepeleka mdomoni. Nimeng'ata hewa, wifi."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe juzi tu. Hata mwezi haujaisha." Kisha macho yake yakashuka kwenye aprani ya Fromet, yakakaa hapo. "Wa lini?"

"Baada ya Pasaka."

"Haya, hongera, kijiji kizima kinajua. Walilitazama lile pengo, wakatazamana, Bibi Hindel akasema, huyo ni Fromet."

Siri aliyoifunga tangu kiangazi alikuwa ameitangaza kwa meno yake mwenyewe. Fromet akafunika uso.

"Naogopa, wifi. Mwenzio naogopa sana."

Mindel akaliangalia benchi lililolowa, akaliangalia gauni lake, akakaa.

"Nikwambie kitu, usikitoe hapa. Watoto wangu wote nimewang'atia. Huyu wa mwisho nilipiga mayowe mpaka Koppel akaenda kulala zizini kwa ng'ombe."

"Na ulikuwa unasema..."

"Mke wa mkuu wa sinagogi angesema nini?"

"Sasa kinundu ulikitakia nini?"

Mindel akafikiri kidogo. "Sijui ningepiga mayowe kiasi gani nisingeking'ata."

Tone la mvua likaangukia sanduku.

"Theluji ikiyeyuka na matope makubwa yakianza nahamia kwako," Mindel akasema. "Sisubiri kuitwa, wala simsubiri mkunga. Na wewe unakuja kwangu wakati wa baridi, maana mimi natangulia. Sasa inuka twende, wale bado wamekaa kwangu. Ukajisemee mwenyewe kabla hawajakupangia jina la mtoto."

Fromet akajifuta uso kwa aprani, akambeba Rosine, wakatoka. Penye matope Mindel alimshika mkono, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.