Kocha Haddix na Tuzo ya Mikono Safi

Verlene Haddix hakuwa mtu wa kupendeka upesi, na wala hakuutafuta upendo wa mtu. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, nywele zake akizikata mwenyewe kwa mkasi wa kukatia vitambaa, na ulimi wake ulikuwa wembe. Mwaka ule binti yangu Delaney alipojiunga na kikosi cha bendera cha sekondari yetu hapa Wexley, alirudi siku ya kwanza analia. Kocha alikuwa amemwambia mbele ya wenzake kwamba anarusha bendera kama mtu anayeanua nguo mvua ikianza. Nikavaa koti niende nikamshukie huyo mwanamke. Delaney akanizuia mlangoni.

"Mama, acha. Kweli narusha hivyo."

Sikuenda kugombana, lakini kesho yake nilienda kuangalia. Nikaishia kupewa sindano na rundo la sketi zilizofumuka, na sikutoka tena mpaka mwanangu alipomaliza shule.

Kikosi hiki ni cha majira ya baridi, kwa hiyo mchezo wake ni wa ndani, kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu. Wasichana wanatandika turubai kubwa lililopakwa rangi, muziki unawashwa, nao wanacheza huku wakirusha bendera ndefu na bunduki nyeupe za mbao hadi karibu na dari, kisha wanazidaka. Waamuzi wamekaa juu wanatoa alama. Ukiangusha, jukwaa zima limeona. Huna refa wa kumlaumu, huna mwenzako aliyekupa pasi mbaya.

Haddix ndiye aliyekianzisha. Mtoto wa shamba la mahindi, aliyekwenda kushona mapazia katika kiwanda cha magari ya safari yenye vitanda ndani, akaomba mabaki ya vitambaa, akatengeneza bendera za kwanza kwa mashine yake jikoni. Hakujaliwa mtoto. Mumewe, Dale, ndiye aliyeendesha lori la vifaa kila Jumamosi ya mashindano, mtu mpole wa kusema neno moja kwa siku, na neno lenyewe aghalabu lilikuwa "sawa". Dale alipofariki, msimu wa kuvuna, Haddix alirudi mazoezini hata maua ya kaburini hayajanyauka. Mji ukasema mwanamke yule hana moyo. Mimi nami nilisema, maana mimi sijui kusema nusu. Kisha nikatambua kwamba koti alilovaa lilikuwa la Dale, mikono imekunjwa, na kwamba hakulivua baridi yote, hata ndani ya ukumbi uliokuwa na joto la kutosha kuoka mkate.

Tuzo zetu za mwisho wa msimu hutolewa mwezi wa nne, kwenye ukumbi wa chakula wa shule. Kila nyumba huleta sufuria. Kuna tambi za kuku zilizomwagwa juu ya viazi vya kuponda, kuna mayai, kuna keki yenye jina la shule lililoandikwa kwa sukari ya buluu. Kila msichana huondoka na kitu: aliyejitahidi zaidi, aliyechekesha wenzake kwenye basi, mambo hayo. Lakini tuzo moja si ya kila mwaka. Inaitwa Mikono Safi. Ni kitako cha bunduki ya mbao iliyovunjika, kimepakwa rangi upya na kupigiliwa kwenye ubao, na anapewa msichana ambaye msimu mzima wa mashindano hakuangusha kitu. Asipopatikana, haitolewi. Kuna wasichana waliolia kwa ajili ya kipande kile cha ubao kuliko walivyolilia wavulana.

Delaney aliitaka. Hakuwahi kusema, lakini mama hahitaji kuambiwa. Alikuwa akirusha bunduki uani hadi vidole vikavilia damu na kuchanika. Msimu wake wa mwisho, tulipofika fainali za jimbo kule Indianapolis, mji mkuu wetu, waliobaki wasafi walikuwa wawili tu: yeye na Karlie Stroup, msichana mrefu, mcheshi, binti wa fundi wa mabomba.

Siku hiyo Karlie aliirusha bendera yake vibaya. Ikapepesuka, naye akatoka nafasi yake akiifuata mbio, akaikosa, ikaangukia miguuni mwa Delaney, aliyekuwa ukingoni mwa turubai, na mti wa bendera ukagonga sakafu tupu. Karlie aliiokota, akarudi, akamaliza kwa uso mkavu. Mimi niliona kila kitu. Nitasema ukweli: nilimwonea Karlie huruma, na chini ya huruma nikafurahi.

Tulipokuwa tunapakia vifaa, Kocha Haddix akaja akipapasa ubavu wa lori kwa kiganja. Delaney akasema haraka, akijitaja kwa jina letu la ukoo kama Kocha alivyozoea kuwaita, "Kocha, mimi hapa, Voss." Haddix akamshika bega.

"Usijitafune, Voss. Bendera huanguka. Ulikuwa umefika mbali."

Nikafungua mdomo. Mwanangu akanikanyaga mguu, akajibu, "Asante, Kocha."

Nilisubiri tufike kwenye gari. "Wewe una wazimu? Anadhani umeangusha wewe. Rudi ukamwambie."

"Mama, achana nayo."

"Siachani nayo. Damu ya vidole vyako nimeiosha mimi kwenye foronya."

Alifunga mkanda. Halafu akasema, "Haoni, Mama. Amesikia mti umegonga upande wangu, basi."

"Haoni vipi?"

"Haoni. Anaona vivuli, labda. Ni sukari, imemharibu macho. Wote tunajua, na nikimsahihisha, itafichuka."

Akanieleza njia nzima. Walianza kushuku theluji ya kwanza ilipoanguka, Haddix alipomkemea msichana ambaye siku hiyo hakuwepo. Aliacha kuendesha gari, akasema limeharibika. Nyumba yake inatazamana na shule, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Mazoezini alisimama ameinamisha kichwa, akisikiliza. Bunduki ikidakwa vizuri inapiga kofi moja kavu mkononi, ikidakwa vibaya inalalamika, na yeye alizijua sauti hizo tangu ujana. Bendera ndizo zilimshinda, kwa kuwa nguo haisemi sana. Basi wasichana walijipanga. Kila aliyemkaribia alijitaja jina. Kwenye barafu ya uwanja kulikuwa na mmoja wa kumshika mkono, akijifanya anaogopa kuteleza yeye. Hakuna aliyepanga kwa maneno mengi. Mmoja alianza, wengine wakafuata.

"Na mkuu wa shule?" nikauliza.

"Bwana Rusk anasaini mkataba wake baada ya tuzo. Akijua, atamtoa. Halafu Kocha afanye nini, Mama? Akae kule ndani na koti la Dale?"

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani, maana mwenye kosa sikumwona. Nikamwahidi kwamba nitanyamaza. Kwa mtu kama mimi hilo ni sawa na kuahidi kutokula.

Siku ya tuzo ilifika. Haddix alikuja amevaa gauni la kijani, ameshikwa mkono na msichana wa mwaka wa kwanza. Bwana Rusk alikaa meza ya mbele, sahani imejaa tambi, anatabasamu kwa kila mtu. Tuzo ndogo zikatolewa, na kila msichana aliyeitwa alifika mbele akisema, "Nimekuja, Kocha, mimi fulani," na wazazi wakadhani ndiyo adabu mpya. Baba wa Karlie akanong'ona kwangu, "Siku hizi wana heshima, eh? Nyumbani kwangu hata salamu sipati." Nikacheka kinafiki.

Kisha Haddix akachukua ule ubao mezani.

"Hii sikuitoa mwaka jana, wala mwaka uliotangulia," akasema. "Nilisema nitaisubiri mikono. Mwaka huu mikono imepatikana. Stroup."

Makofi yalichelewa. Yalichelewa kwa kitambo tu, ila kwa sikio kama la Haddix kitambo ni kirefu. Niliona kichwa chake kikiinama kuelekea kwetu. Ndipo wasichana wakapiga makofi wote, kwa nguvu, na Delaney akapiga kuliko wote. Nilimtazama mwanangu akipigia makofi haki yake ikienda, uso umenyooka kama yuko mbele ya waamuzi. Nikakalia mikono yangu.

Karlie akasimama. Akaenda mbele polepole. Haddix akampa ubao, naye akaupokea, akabaki palepale. Yule mcheshi wa basi hakuwa na mzaha hata mmoja.

"Sema asante ukakae, Stroup," Haddix akasema. "Keki inakauka."

"Kocha, sio yangu hii."

"Nimekupa mimi. Ni yako."

"Ile ya Indianapolis niliangusha mimi." Akautazama ubao. "Nilitoka nafasi yangu. Niliikimbilia bendera mpaka kwa Delaney. Iliangukia kwake ila ilikuwa yangu. Samahani. Tulikubaliana nichukue tu, ila siwezi kwenda kuitundika ukutani kwetu."

Haddix akasema, "Nilisikia upande wa Voss."

Neno lilikwisha kutoka. Alisema 'nilisikia', hakusema 'niliona'. Baba wa Karlie alinigeukia, nikatazama sahani yangu. Bwana Rusk aliacha kutafuna. Unaweza kuona mtu anapokumbuka mambo mengi kwa pamoja: gari lililoharibika tangu baridi, karatasi ambazo Kocha aliomba asomewe kwa kuwa amesahau miwani.

"Mlikubaliana," Haddix akasema. "Nani na nani?"

Wasichana wakatazamana.

"Nimeuliza. Ninyi wote?"

Delaney akajibu akiwa amekaa. "Ndiyo, Kocha. Sote."

"Tangu lini, Voss?"

"Tangu theluji ya kwanza."

Haddix akashika ukingo wa meza. Nimemwona mwanamke huyu akimzika mumewe, akigombana na waamuzi, akifukuza mvulana mwenye urefu wa mlango, na sijawahi kumwona akitafuta pa kujishikia. Mtoto wa mtu mmoja aliulizia keki, akanyamazishwa.

"Mimi nilidhani nawaficha," akasema mwishowe, taratibu, si kwa ukumbi bali kwa wasichana. "Kila jioni nilirudi nyumbani nikasema, leo tena hawakujua. Najipongeza. Na nyinyi mnajitaja majina, nami naona, hawa watoto wamekuwa na adabu, nimewafundisha." Akavuta pumzi. "Mmenibeba baridi nzima, na mlikuwa na bendera za kubeba."

Mmoja wa wasichana alianza kulia. "Wewe, acha hiyo," Haddix akasema, bila kujua ni nani, na safari hii hakujifanya anajua. Akageuza uso upande wa meza ya mbele. "Bwana Rusk, upo?"

"Nipo, Verlene."

"Basi umesikia. Usijisumbue kunipigia simu. Tafuta mwenye macho, na awe mkali. Wamezoea ukali."

"Tunaweza kuzungumza Jumatatu," Bwana Rusk akasema. Namheshimu kwa kuwa alisimama kulisema.

"Hakuna la kuzungumza. Mtoto wa watu amerusha kitu juu kwenye dari na mimi sijui kinatua wapi. Siku moja kitatua kwenye uso wa mtu." Akanyoosha kiganja. Karlie akaweka ubao juu yake, akarudi kwenye kiti chake akifuta pua kwa mkono wa gauni, na baba yake akamkumbatia bila kuuliza lolote.

"Delaney Voss," Haddix akasema. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akimwita mtoto yeyote kwa jina la kwanza na la pili pamoja. "Njoo uchukue kilicho chako."

Meza zilikuwa zimebanana, kwa hiyo mwanangu hakuweza kupita katikati. Akazunguka kwa nyuma, ukutani, akaja kutokea upande wa pili. Haddix hakujua. Alikuwa ameelekea kule sauti ya Delaney ilikotoka mara ya mwisho, kwenye kiti ambacho sasa kilikuwa kitupu kando yangu, na akaunyoosha ule ubao kwa mikono yote miwili, akaushika hewani, akingoja.

Ukumbi mzima uliona. Nilitaka kusema, Kocha, yuko kushoto kwako. Nadhani kila mzazi alitaka kusema. Delaney alitutazama, na ule uso wake ukatunyamazisha sote. Akapita mbele ya Kocha kwa hatua za kunyata, taratibu, mpaka akafika mahali ile mikono ilipoelekea, akageuka, akasimama hapo.

"Nimekuja, Kocha," akasema.