Mkono Juu ya Jamvi

Nilirudi nyumbani, huku Wesha kisiwani, kwa likizo fupi tu, nimalizie tasnifu. Nafanya hesabu za kuona: milinganyo inayoeleza vipi ubongo unaziba sehemu ambayo jicho halikuiona. Unachukua kilichopo kando na kukieneza, mpaka mwenyewe hajui kama pana pengo. Kwenye karatasi naeleza hayo bila kigugumizi.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Tulikaa jamvini, mimi na mama, tukichambua: karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, huku. Kwa kazi hiyo mama hana mpinzani mtaani. Siku ile akasema fungu lake safi, nami nikaona kushoto kwake pamejaa karafuu na makonyo yake, hapajaguswa. Kesho yake palepale tena. Jicho lake la kushoto liliharibiwa na mwiba tangu utotoni. Hili la kulia ndilo pekee alilonalo, na sasa nalo limeanza kupoteza upande.

Nikamwambia twende hospitali mjini Chake akapimwe presha ya macho, kilichopotea hakirudi lakini kilichobaki chaokoleka. Akakataa katakata. Aende kutibiwa nini na yeye anaona? Mama mdogo akanijia juu, eti namwombea dada yake upofu. Na huko chuoni wananipigia simu nirudi bara. Nilikwama. Hesabu zangu zenyewe zinasema mama hawezi kuliona pengo lake, basi namlaumu kwa lipi? Na bado, wallahi, nilimnunia siku nzima.

Mwisho nikamwomba akazie macho kifungo cha nguo yangu, asigeuke. Nikaweka mkono juu ya jamvi, kushoto kwake.

“Waona nini hapo upande?”

“Karafuu, mwanangu. Jamvi zima.”

“Mama, hapo pana mkono wangu.”

Akageuka, akauona. Akaushika, akapapasa kidole kimoja kimoja. Kisha akauliza, “Na ukikaa wewe upande huu, miye huona nini?”

“Ukuta ulio nyuma yangu, mama.”

Asubuhi yeye ndiye aliyetangulia kuvaa baibui. Daktari alisema matone kila siku, maisha, na awepo mtu wa kumtilia. Mama mdogo ana wanawe. Mtu huyo ni mimi.

Simu ya chuo ililia tena tulipokuwa tunachambua. Nikainuka niipokee nje. Mama akanishika nguo, akanivuta upande wake wa kulia.

“Kaa huku,” akasema, “nikuone.”

Nikakaa. Simu ikalia mpaka ikanyamaza.