Waliokuja Kumuona Binti Yangu

Nimeishia darasa la nne, lakini jina la mtu halinitoki kichwani. Wale wanawake waliokuja kwetu Garland, hapa Texas, kumuona binti yangu nawajua mmoja mmoja, hata watoto wao wa kwanza wanaitwa nani. Siwaandiki hapa. Wakisoma watajijua.

Binti yangu ni nesi. Alipata homa mbaya, homa ikaisha, nguvu hazikurudi. Daktari akauita uchovu sugu. Jina la hovyo, maana nani hachoki? Huu si wa kulala ukaamka mzima. Akioga tu, siku imekwisha. Viungo vinamwaka, usingizi hauji.

Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Basi wakaja kutoka Mesquite, mji wa jirani, na masufuria ya pilau, na maombi marefu. Binti yangu, kwa malezi niliyompa mimi mwenyewe, akainuka, akavaa gauni, akapaka wanja, akakaa nao mpaka jioni akicheka. Wakati wanavaa viatu mlangoni nikasikia:

"Mbona mzima huyu?"

"Shoga, na mimi ningekuwa na mama wa kunipikia ningeugua!"

Wiki nzima baada ya hapo nilimlisha uji kwa kijiko, mapazia yamefungwa.

Daktari wake alisema mafuta ya bangi huenda yangempunguzia maumivu, apate kulala. Hakuahidi kuponya. Lakini sheria ya Texas iliyakubali kwa magonjwa machache tu, haikumruhusu kumwandikia mgonjwa wa namna hii. Mtaani yapo, kila mtu anajua. Binti akakataa.

"Mama, nikikutwa nayo leseni ya unesi imekwenda. Nikipata nafuu nitarudi kazini na nini?"

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ambayo haijanitoka. Anayetii sheria ndiye anayeachwa alie!

Kulikuwa na chama kidogo cha watu wa kujitolea, kinawazungukia wabunge kuomba ugonjwa huu nao ukubaliwe. Mmoja wao, dada wa Kikenya, alikuja kuzungumza na Waswahili kwenye ukumbi wa kanisa kule Alief, Houston. Mkwe wangu akanipeleka. Dada wa watu alieleza vizuri. Alipomaliza, mmoja wa wale wageni wetu wa pilau, naye alikuwa amesafiri, akaniuliza mimi kwa sauti:

"Bibi, kumbe siku hizi mnavuta?"

Ukumbi mzima ukacheka. Nikasimama.

"Hatuvuti. Ni matone ya chini ya ulimi, na hata hayo hajayaonja. Cheka mwanangu, lakini ujue unayemcheka alilala gizani wiki nzima kwa kukukaribisha wewe."

Wakaanza kugawa chai.

Mwaka 2019 wabunge wakaongeza magonjwa kwenye ile sheria. Wa binti yangu haukuwemo. Wakubwa wazima wamekaa kuchagua maumivu ya nani ni ya kweli! Watu wa chama wakasema tusichoke, mbunge husikia simu za wapiga kura wake. Mimi si raia, sipigi kura. Ila wanaonijia na pilau wengi wao ni raia.

Basi nikaweka kiti mbele ya mlango. Akija mgeni namwambia, "Mgonjwa haonekani. Sufuria nipe, na simu yako itoe." Wengine walikasirika. Mmoja aliondoka na pilau lake. Na aende.

Siku moja akaja yule aliyeniuliza kule Alief kama tunavuta. Nikamwonyesha namba ya ofisi ya mbunge.

"Bibi, sasa mimi niseme nini?"

"Sema ulichokiona."

"Lakini sijamuona!"

"Hicho hicho. Sema umekuja kumuona rafiki yako, ukashindwa, maana hata kukaa na wewe kunamwangusha. Taja na dawa anayoitaka daktari."

Akapiga. Ikapokea mashine ya kuachia ujumbe, akataka kukata. Nikamkazia macho. Akakohoa kidogo, akataja jina lake lote, akaanza kusema.