Chupa Sita Juu ya Bati

Wiki ile sikukalika. Zilibaki siku nne nipeleke tasnifu yangu chuoni, na hesabu zangu za mwanga zilikuwa zimegoma. Mvua ikinyesha, mito huingiza baharini uozo wa majani ulioyeyuka. Maji ya pwani yanakuwa kama chai ya rangi na kuumeza mwanga. Hayo niliyaandikia programu ya kompyuta. Lakini kila nilipozamisha kipima mwanga karibu na kivuko cha Feri, nilikuta mwanga mwingi kuliko kompyuta ilivyosema.

Tumaini langu lilikuwa maji niliyochota baada ya mvua kubwa. Chupa moja niliiacha gizani maabara. Sita zilizobaki hazikupata nafasi huko; nilizizungushia karatasi ya foili zisipigwe na mwanga, nikaziweka kwenye friji la shangazi, ninayekaa kwake Kariakoo katika nyumba ya bati iliyobanwa na maghorofa.

Siku ya pili nilirudi alasiri nikakuta friji limejaa barafu zake za ubuyu za kuuza. Foili ilikuwa kabatini, imekunjwa vizuri. Chupa zangu zilikuwa juu ya bati la jiko la uani, zimeshinda juani tangu asubuhi.

"Maji yenyewe yana rangi," shangazi alisema. "Nimeyaanika vijidudu vife, usije ukaugua tumbo."

Nilimfokea. Asubuhi nilikuwa nimempa shikamoo yake, alasiri namwambia ameniharibia maisha. Aliingia ndani. Nikazunguka ua kama kuku anayetaka kutaga, kisha nikabeba chupa nikaenda maabara, kwa hasira tu.

Nilizipima, nikazilinganisha na ile ya gizani. Rangi ya zile sita ilikuwa imefifia, na mwanga ulipita zaidi. Nikapima tena. Bahari nayo hushinda juani, na mimi miaka miwili nilikuwa nimeandika programu ambayo ndani yake uozo ule haupauki hata siku moja, kana kwamba nimeufunga kwenye foili.

Niliona aibu njia nzima ya kurudi. Shangazi alikuwa jikoni. Nilimwamkia, nikamwomba radhi, naye akaitikia marahaba bila kugeuka. Akafungua friji. Barafu zote alikuwa amezitoa.

"Weka maji yako. Sitayagusa tena."

"Shangazi, kesho nachota mengine. Naomba unianikie."

Akanitazama kwanza, aone kama namkejeli. Kisha akaniuliza nayataka yakae juani mpaka saa ngapi.