Rudisha Betri Kwenye Kipimo

Siku mama mkwe aliponiamuru nichuchumae bandani sijaisahau, mwanangu Masanja, na leo umenikumbusha vibaya. Nina hasira. Niache niseme.

Nilikuwa kijana kama wewe, hapahapa Ngokolo, nafuga kuku wa mayai na kuyapeleka Kahama kwa watu wa migodini. Sisi tumekulia mazizini. Harufu ya samadi kwetu ilikuwa harufu ya mali. Basi nikaziba banda lote kwa viroba, kuku wasipigwe baridi, na maranda ya kutandika chini sibadilishi. Mgeni akitokwa machozi mlangoni, namcheka. Mimi sikusikia harufu yoyote. Kumbe pua ilishazoea zamani.

Mama yako ndiye aliyekuwa akiokota mayai, asubuhi na jioni, wewe ukiwa mgongoni. Akaanza kukohoa. Nikasema ni vumbi la pumba.

Mama yake akaja kututembelea kutoka Masumbwe. Unajua kwetu mtu na mama mkwe wake hawasogeleani, hata kutazamana usoni ni aibu. Lakini alipomsikia binti yake anavyokohoa, heshima aliiweka kando. Akaingia bandani, akaniita.

"Baba Masanja, chuchumaa."

"Hapa kwenye kinyesi, mama?"

"Chuchumaa! Kuku wanaishi huko chini, na mwanangu anainama hukohuko."

Nikachuchumaa. Lo! Macho yaliwaka kama nimepakwa pilipili, kifua kikabana, nikatoka nje natambaa. Hakunipa hata maji ya kunawa. Viroba niliving'oa siku ileile, lakini nilikuwa nimeshachelewa.

Hicho kikohozi cha mama yako unachokiita uzee, si uzee. Ni banda langu lile.

Sasa wewe una kipimo cha amonia, ile hewa kali ya kinyesi cha kuku iliyoniwasha macho, kifaa ambacho mimi sikukijua. Umekitundika juu kabisa, karibu na bati, na hata huko juu kililia. Ukafanyaje? Ukasema kinakupigia kelele, ukang'oa betri, ukaitia kwenye rimoti ya televisheni! Ili utazame mpira! Huna hata haya, Masanja? Asubuhi hii mkeo ametoka bandani anakohoa. Kikohozi kile nakijua, nimelala nacho kitanda kimoja miaka yote hii.

Nisikilize. Rudisha betri. Kishushe kipimo mpaka usawa wa kichwa cha kuku. Kikilia, pandisha mapazia ya banda upepo upite, toa maranda yaliyolowa, ziba chombo cha maji kinachovuja. Pua yako usiiamini hata kidogo. Na mkeo asiingie tena mle mpaka wewe mwenyewe uwe umechuchumaa kwanza.

Mungu akuzidishie kuku, mwanangu, na akupe kuzeeka na mke mwenye kifua kizima. Mama yako mimi nilimnyima hilo, na kila anapokohoa nageukia ukutani. Haya, nenda. Rimoti iko pale mezani.