Vibuyu Vilivyoinama

Kabla ya magauni ya kwaya, mgawanyo wa kazi kati yangu na mama mdogo ulikuwa umetulia. Yeye, nyumbani kwake Nuu, alipiga chapa kwenye kitambaa cha pamba kwa mihuri ya mbao aliyochongewa na marehemu mumewe. Mimi, hapa Kalamba, nilibuni mishono, nikakata, nikashona. Wateja walikuja kwangu, lakini walichokifuata ni mkono wake. Kisha kiharusi kikaudhoofisha mkono huo. Aliacha jembe, akaacha kukamua mbuzi, akaacha hata kusuka vyondo. Chapa hakuiacha.

"Hii nayo ikinishinda," aliniambia, "nitakuwa mtu wa kukalishwa kivulini tu."

Kwaya ya akina mama wa kanisani kwetu ilipoagiza magauni ya Jumapili ya mavuno, mama mdogo alichagua muhuri wa kibuyu, na kitambaa akakileta mwenyewe. Nilikikunjua mezani mbele ya kiongozi wa kwaya. Mwanzoni vibuyu vilisimama wima katika safu zake. Kadiri mkono ulivyochoka, vilianza kuegemea, vingine vikigusana mabega.

"Mama, hizi vibuyu zako zimelewa," kiongozi akasema. "Na sisi ni watu wameokoka."

"Zimelewa uji," mama mdogo akamjibu. "Hata wewe ukiimba husimami wima."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka, nilikuwa nimekwisha kuanza kupima.

Kitambaa kilichochapwa kwa mkono hakikatwi kama cha kiwandani. Mkataji huamua, chapa kwa chapa, ipi itakaa kifuani na ipi itamezwa na mshono. Uamuzi huo ni wangu kwa haki ya kazi, na hapo ndipo ninapojificha kila ninapojitetea. Vibuyu vilivyo wima niliviweka mbele na mgongoni. Vilivyoinama nilivizika ndani ya marinda, chini ya makwapa na katika mapindo, ambayo niliyafanya mapana kuliko ilivyohitajika. Nilijiambia kwamba namsitiri, asije akachekwa kanisani.

Jumapili ya mavuno alisafiri kutoka Nuu kuja kuiona kazi yake. Ibada ilipokwisha, alimwita kiongozi wa kwaya, akalishika pindo la gauni lake na kulipindua.

"Kumbe ziko huku," akasema.

"Ni mshono, Mama," nikamwambia. "Gauni la marinda hula kitambaa."

"Na inakula zile zimelewa peke yake?"

Kiongozi akainama kutazama, kisha akanigeukia mimi. "Hizo ndizo tulikuwa tunangojea," akasema. "Hata nyumbani niliwaambia nitavaa walevi wa mama."

Mama mdogo alilirudisha pindo mahali pake, akalinyoosha kwa kiganja.

"Umeshona vizuri, mwanangu," akasema. Hakuwa na kejeli, na laiti angekuwa nayo.

Kitambaa nilichomwomba kwa ajili ya Krismasi hakikuja. Nilipokwenda kumtazama, niliikuta mihuri imefungwa ndani ya gunia juu ya kabati. Nilimsihi; akaniuliza habari za mvua ya Kalamba. Hajapiga chapa tena. Mimi nashona vitambaa vya kiwandani.